Bure Ghali

Kwetu ukitaja warsha, watu huuliza kwanza posho ni kiasi gani. Niliwahi kuhudhuria moja ya "kuwawezesha wasanii vijana": siku mbili hotelini, chai ya saa nne, bango nyuma ya meza kuu, picha ya pamoja. Tuliambiwa sanaa ni silaha. Hakuna aliyechora hata kikombe.

Nadhani ndiyo maana namhusudu sana Augusta Savage. Huyu alikuwa mchongaji, Mmarekani Mweusi wa Florida, ambaye baba yake mchungaji alimchapa utotoni kwa kufinyanga sanamu za udongo. Mwaka 1923 alinyimwa nafasi ya kwenda kusoma sanaa Ufaransa kwa sababu ya rangi yake. Hakumeza. Aliyapeleka magazetini, na wakubwa wa sanaa hawakufurahi.

Mwaka 1932 alifungua studio Harlem, New York, akafundisha bure yeyote aliyetaka kujifunza. Mwaka 1937 akawa mkurugenzi wa Harlem Community Art Center, kituo kilicholipiwa na WPA, mpango wa serikali wa kuwapa watu kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Kijana mmoja wa mtaani, Jacob Lawrence, alitaka ajira ya uchoraji katika mpango huo. Savage akamshika mkono mpaka ofisini. Wakasema bado mdogo, hajatimiza miaka 21. Lawrence mwenyewe akaachana na habari hizo. Savage hakusahau: mwaka uliofuata alimrudisha palepale, wakamwandika, kwa mshahara wa karibu dola 24 kwa wiki. Mwaka 1941 kijana huyo alikamilisha picha 60 za safari ya watu Weusi kutoka mashamba ya kusini kwenda miji ya kaskazini. Alikuwa na miaka 23.

Mimi nauona uanaharakati hapo hasa, kwenye kurudi ofisini mara ya pili. Savage na wenzake wa Harlem Artists Guild, chama cha wasanii wa Harlem, waliisumbua WPA iwaajiri wasanii Weusi na kuwapa vyeo vya usimamizi. Sijui kwa nini siku hizi tunaanza na hotuba ya ukombozi kabla mtoto hajajua kushika brashi. Mwache achore kwanza. Ya kusema anayo tele.

Lakini wahenga walionya: bure ghali. Darasa la bure lina mlipaji wake, na mlipaji akichoka, mlango unafungwa. Savage aliacha kiti chake kwa muda ili achonge sanamu ya Maonesho ya Dunia ya 1939, kinubi chenye waimbaji badala ya nyuzi, kirefu kama futi 16. Aliporudi, nafasi yake imeshikwa na mwingine. Na kile kinubi cha plasta kilivunjwavunjwa maonesho yalipokwisha, kwa kukosa fedha za kukisubu kwa shaba. Kituo nacho hakikudumu baada ya fedha za serikali kukatika.

Chicago walijipanga kwa namna nyingine. WPA iliwalipa walimu wa South Side Community Art Center, kituo cha sanaa cha huko, ila nyumba ya kituo ilinunuliwa na wenyeji. Waliandaa dansa la mavazi, wakapitisha mikebe mitaani kukusanya sarafu za senti kumi kumi. Mmoja wa waliosimama na mkebe kona ya barabara alikuwa Margaret Burroughs, msanii aliyekuwa bado binti wa miaka ya ishirini. WPA ikafa mwaka 1943. Nyumba ikabaki, kwa kuwa hati ilikuwa mikononi mwa majirani, na hadi leo iko palepale South Michigan Avenue. Burroughs naye, mwaka 1961, alifungua na mumewe jumba la makumbusho ya historia ya watu Weusi ndani ya nyumba yao wenyewe, ng'ambo tu ya barabara.