Mombasa haina haja ya jumba jipya la maktaba

Kukitajwa maktaba za mitaani hapa Mombasa, jibu la barazani huja haraka: watoto wamebanana madarasani, na wewe wataka jumba la vitabu? Tena siku hizi kila kijana ana simu.

Hoja hiyo si ya kubezwa, ila imechanganya mifuko. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti maktaba, makumbusho na chekechea. Shule za msingi na sekondari zikabaki kwa serikali kuu. Kaunti ikiinyima maktaba pesa, pesa hizo hazigeuki madawati ya darasa la sita. (Za chekechea, labda, na hapo wapinzani wana haki ya kuuliza.)

Halafu kuna nyumba zenyewe. Tazama nyumba ya Kiswahili ya kupangisha kule Majengo: vyumba sita, koridoo katikati, kila chumba na familia yake. Mtahiniwa wa kidato cha nne akifungua kitabu usiku, mdogo wake ataka taa izimwe, jirani kafungulia redio, na feni, kama ipo, yazungusha joto tu. Simu haimpi meza wala utulivu.

Lakini watetezi wa maktaba nao hutia chumvi. Tawi la maktaba ya taifa liko barabara ya Msanifu Kombo, kisiwani, katika kaunti ya watu zaidi ya milioni 1.2 kwa sensa ya 2019. Mwanafunzi wa Likoni akitoka shule jioni, avuke feri, apande tuktuk, asome saa ngapi na arudi saa ngapi? Na wanaokaa mle ni watahiniwa na madaftari yao. Mama wa mahamri anayetaka kujua kupiga hesabu ya faida yake hajaona kinachomhusu. Mahali kama hapo panasaidia mtihani. Mtaa bado unangoja.

Nionavyo, tusianze na jumba. Madarasa ya shule za Likoni, Jomvu na Kisauni yamefungwa kila jioni, viti vikiwa ndani. Walimu wakuu hawayafungui, na siwalaumu: bili ya stima ikipanda au dawati likivunjika, anayeulizwa ni wao. Basi kaunti iandikiane na halmashauri za shule, madarasa hayo yawe ya mtaa kusomea jioni: ilipe mlinzi, stima na msimamizi mmoja hadi saa tatu usiku, na dawati likivunjika lisiwe deni la mwalimu.