Nanga za Antaktika Zisikatiwe Fedha

Bahari za ncha za dunia zikitajwa, sifa zote huenda kwa setilaiti. Sina ugomvi nazo, ila zinaona uso wa maji tu. Maji mazito yanayotandaa kwenye sakafu ya bahari kuu huzaliwa kando ya Antaktika katikati ya majira ya baridi, meli nyingi za utafiti zikiwa zimeshaondoka. Hapo ndipo zinapohitajika nanga, yaani kamba zenye vipima zilizofungwa kwenye sakafu ya bahari.

Upepo mkali unaoshuka kutoka barani husukuma barafu mbali na pwani. Maji yaliyoachwa wazi huganda, barafu mpya nayo husukumwa, na kila yanapoganda hutema chumvi. Yanayobaki, yenye nyuzi 1.9 hivi chini ya sifuri, huwa mazito mno. Huporomoka kwenye mteremko wa bara yakichanganyika na mengine, hadi vilindini, na oksijeni yake.

Kuyavizia maji hayo kunataka kitu kinachokaa papo hapo, ndiyo nanga hiyo. Chini uzito (mara nyingi magurudumu chakavu ya treni, wala sitanii), juu maboya ya kioo yanayoisimamisha kamba wima, katikati vipima joto, chumvi na mkondo. Boya la juu kabisa huzamishwa mbali na uso wa maji, lisije likazolewa na siwa barafu, jabali la barafu linaloelea. Mwaka mmoja au miwili baadaye meli hurudi na kutuma mlio majini. Kufuli huuachia uzito, kamba ikaibuka. Kuna wakati haiibuki, na vipimo vyote vinapotelea humo.

Hasara hiyo ndiyo huwatisha watoa fedha. Lakini ni nanga za watafiti wa Japani, zilizowekwa mbele ya Cape Darnley, rasi ya Antaktika Mashariki, mwaka 2008, zilizoyanasa maji hayo mazito yakishuka kwenye korongo la chini ya bahari na kuthibitisha chanzo kingine cha maji ya vilindini, mbali na Bahari za Weddell na Ross zilizo kando ya Antaktika.

Chanzo pia hubadilika. Februari 2010 ulimi wa barafu wa Mertz (barafu ya bara la Antaktika iliyojitokeza baharini) ulivunjika, kipande cha kilomita 78 hivi kikaenda zake, na utengenezaji wa maji mazito eneo hilo ukapungua. Bila vipimo vya kabla, ungelinganisha na nini?

Wapo wanaosema roboti zinazoelea zitatosha. Nazipenda, ila huchukuliwa na mkondo. Hazibaki kwenye korongo lile lile. Ruzuku za miaka mitatu mitatu nazo hazifai kazi hii. Ningekuwa na sauti, ningefuta safari kadhaa za kwenda sehemu mpya, nizihudumie nanga chache pale pale kwa miaka 20.