Kopo la soda na ubavu wa M3

Siti kumi za nyuma nilikuwa nimeshazibandika, tano huku tano kule, zinatazamana kama za yale magari ya abiria ya chai maharage enzi zile. Nikainua modeli yangu ya plastiki ya gari la vita hadi usawa wa macho nione kama zimekaa sawa. Hapo ndipo hamu iliponiisha.

Gari lenyewe ni M3 la Marekani, lile la Vita Kuu ya Pili lenye magurudumu mbele na mnyororo nyuma, nusu lori nusu katapila. Halina paa. Ukingo wa juu wa bodi uko wazi, kuanzia kwa dereva mpaka mlango wa nyuma, na macho yanatua hapo kabla hayajaona kitu kingine. Nikaazima kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kwa fundi injini jirani yangu, nikaupima: milimita 1.1. Seti yangu ya kujengea ni ya kipimo cha 1 kwa 35, yaani gari halisi ni kubwa mara 35, kwa hiyo ukizidisha unapata milimita 38 na nusu. Ubavu wa M3 halisi ulikuwa chuma cha milimita 6 na ushee. Milimita 38 ni ubavu wa kifaru cha Sherman! Askari wangu wangekaa humo kwa raha zao.

Wenyewe hawakukaa kwa raha. Risasi ya bunduki nzito, ikipigwa kutoka karibu, ilitoboa ubavu, na kombora likipasuka juu hakukuwa na cha kuzuia vipande. Wanajeshi wa Kimarekani walilibatiza gari hilo sanduku la Purple Heart, nishani wanayopewa waliojeruhiwa vitani. Ninavyoona mimi, mtu anayejenga M3 akauacha ukuta wa seti kama ulivyo amejenga gari jingine, hata angelipaka rangi kwa ufundi wa malaika. Na sisi wapenzi wa modeli hatuna hata habari. Tunabishana wiki nzima kuhusu kijani cha jeshi, kimekolea au kimepauka, tunapaka tope mpaka kwenye boneti, halafu ukuta wenye unene wa mlango wa benki tunaupita tu.

Kutu nayo ina kesi yake. Kila mara naona picha ya M3 iliyopakwa mnyororo mwekundu wa kutu, na mtu anasifiwa. Mnyororo wa M3 ni mkanda wa mpira wenye kebo za chuma ndani. Mpira unashika kutu wapi? Kinachong'aa ni yale meno ya chuma ya katikati yanayopita kwenye magurudumu. Asili ya mkanda huo ni Mfaransa Adolphe Kégresse, aliyekuwa akiangalia magari ya mfalme wa Urusi, Nicholas wa Pili, akatafuta namna ya kuyapitisha kwenye theluji. Baada ya mapinduzi alirudi kwao, akaingia kampuni ya magari ya Citroën, na mwishoni mwa 1924 magari manane yenye mikanda yake yakaanza kuikata Afrika kutoka Algeria. Kampala yakagawanyika makundi manne. Moja likateremkia Mombasa, jingine Dar es Salaam. Huenda bibi zetu wa pwani waliuona mkanda wa namna hii miaka mingi kabla Wamarekani hawajaufunga kwenye M3. Basi ule mkanda laini wa kipande kimoja unaokuja kwenye seti, ambao wajenzi wa vifaru wanautupa jalalani, kwa gari hili uache. Ndio wenyewe.

Turudi ubavuni. Kuna seti za vipande vya shaba vya kuweka badala ya ukuta wa plastiki, bei yake inakaribia ya modeli yenyewe, na ukiziagiza nje unalipia na posta. Mimi nilikwenda jikoni. Bati la kopo la soda lina kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Mabati mawili yakishikana ni 0.2, yaani milimita 7 kwa gari halisi. Hapo tumekaribia kabisa.

Kopo unalikata kwa mkasi uliozeeka, unalipasha kidogo juu ya jiko ili lisijikunje tena, kisha unasugua maandishi kwa msasa laini. Vaa glovu, ukingo wake ni wembe; mimi sikuvaa na kidole kilinifundisha. Sahani za chuma za M3 halisi zilifungwa kwa skrubu, na vichwa vyake vinaonekana safu kwa safu, kwa hiyo kabla ya kubandika nilivitoboza kimoja kimoja kwa nyuma, kwa ncha ya kalamu ya wino iliyokwisha. Bati la kwanza nililipasua. La pili skrubu zilikwenda mlama kama mstari wa mtoto wa chekechea. La tatu likakubali. Gundi ya kawaida ya plastiki haishiki bati, inatakiwa ile inayoganda papo hapo, nayo haina msamaha: ukikosea milimita moja, unaanza upya.

Mpwa wangu wa miaka kumi alikuja Jumapili, akalishika gari kama watoto wanavyoshika magari, dole gumba ubavuni.

"Mjomba, limebonyea!"

"Umelibonyeza wewe."

Akalitazama kwa muda. "Sasa hawa watu wa ndani, risasi ikija?"

Nikamwambia inapita. Akavihesabu viti vyote, na vitatu vya mbele pia, akapata kumi na tatu, kisha akalirudisha mezani kwa mikono miwili.

Nimeshapaka rangi ya kwanza. Lile bonde la dole gumba liko pale pale, ubavu wa kulia, usawa wa siti ya tatu. Sijalinyoosha.