Jino la papa na kikapu cha milulu

Wifi yangu aliporudi kutoka Florida aliniletea kidani ambacho sijakivua hadi leo. Ni jino la papa, jeusi kama mkaa, urefu wa kidole gumba, limezungushiwa waya wa shaba uliosokotwa kwa mkono. Ukipitisha ukucha ukingoni unasikia vijino vya msumeno. Shangazi yangu, anayesuka vikapu vya milulu, nyasi za majimaji, hapa Iringa tangu sijazaliwa, alilipima kiganjani akaniuliza: "Mwanangu, hili ni jino au jiwe?"

Vyote viwili, shangazi. Papa hana mifupa. Kiunzi chake ni gegedu, kitu laini kama cha ncha ya pua, nalo huoza upesi. Meno ndiyo hubaki, na papa mmoja huangusha maelfu maishani mwake. Yakifukiwa na tope, madini huyapenya taratibu mpaka yakawa jiwe. Weusi ule ni wa madini ya udongo yalikolala, hauonyeshi umri. Kule Venice, Florida, watu huyaokota ufukweni, na ya megalodoni, papa mkubwa aliyetoweka zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita, hujaza kiganja.

Fundi wa kidani hiki hutenga sehemu ya mauzo kwa ajili ya kulinda bahari. Namuunga mkono kwa moyo wote, kwa sharti kwamba jino liwe la kale kweli. Papa na samaki aina ya taa wa bahari kuu walipungua kwa asilimia 71 kati ya 1970 na 2018, sababu kubwa ikiwa uvuvi uliopita kiasi. Anayenunua jino jeupe lililong'olewa kwenye taya la papa wa juzi analipia kilekile anachodhani anakizuia.

Kuna atakayesema bahari ni ya watu wa pwani. Hapana. Ruaha Mdogo anayepita hapa Ipogolo humwaga maji yake Ruaha Mkuu, Ruaha Mkuu akaingia Rufiji, na delta ya Rufiji inatazamana na kisiwa cha Mafia, ambako papa potwe huja kula karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Na Ruaha Mkuu, tangu 1993, hukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tunachokifanya kwenye mabonde yetu kinashuka na maji.

Shangazi anayajua haya bila kusoma popote. Milulu huota penye majimaji. Zamani alikata bondeni chini ya nyumba. Siku hizi anatembea asubuhi nzima, kwa sababu vinyungu, bustani za mabondeni, vimesogea hadi kwenye chemchemi na milingoti, yaani mikaratusi inayonyonya maji, imepandwa pembeni yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto ziachwe. Nenda kahesabu hatua mwenyewe.

Kwa hiyo naomba mafundi wetu wafanye kama yule wa Florida: sanaa ilipie mahali inapotoka. Nimempendekezea shangazi kila kikapu kitoe shilingi elfu moja za kung'oa milingoti na kupanda miti inayotunza maji. Amekubali. Ila pesa, amesema, hatazishika yeye wala mimi. Zitakaa kwenye sanduku la kikundi chao, lile la kufuli tatu, na kila mwenye ufunguo awe msukaji.