Brandon, Manitoba: kodi ya nyumba nafuu sawa, ila gari unalo?

Watu wa Toronto wakianza kulalamika kodi ya nyumba inakula nusu ya mshahara, hakosi mmoja wa kuwaambia si mhamie vijimji vya kule kwenye nyika, na Brandon ni jina mojawapo linalotajwa. Haya, tuuangalie huo mji kabla mtu hajafunga mabegi.

Ni mji wa pili kwa ukubwa katika jimbo la Manitoba, Kanada, ila hiyo "pili" isikudanganye, sensa ya 2021 ilihesabu watu 51,313 tu, Winnipeg, mji mkuu wa jimbo, iko kilomita 200 na ushee, na katikati hapo ni mashamba ya ngano na kanola (zao la mafuta) na barabara imenyooka mpaka unasinzia.

Wanaousifia hawaongopi. Kodi iko chini kweli ukilinganisha na Toronto au Vancouver, na nyumba ya kununua mtu wa mshahara wa kawaida bado anaweza kuiwazia. Umeme ni wa shirika la jimbo, unatokana na maji, bei yake ni kati ya zile za chini kabisa Kanada. Bima ya gari nayo iko kwa shirika la umma tangu 1971, na aliyewahi kukata bima Brampton, pale jirani na Toronto ambako bima ni ghali, anajua hapo nazungumzia nini. Kazi zipo pia. Kiwanda cha nyama kilichofunguliwa na kampuni ya Maple Leaf 1999 ndo kiliubadilisha mji sura, maana wenyeji hawakutosha (wengine hawakuitaka hiyo kazi, tuseme ukweli) wakaletwa watu wa El Salvador, China, Ukraine mpaka Mauritius, wengi wakaja kupata makaratasi ya ukaazi wa kudumu kupitia mpango wa uhamiaji wa jimbo. Ila ni nguruwe tupu, kwa hiyo Mwislamu wa Tanga au Mombasa hesabu yake inabadilika hapo hapo. Na hata usiyejali hilo ujue ni kisu, ubaridi, na mkono unarudia kitu kilekile zamu nzima.

Sasa ubaya wake. Wengi wanaogopa baridi, mi naona baridi ndo tatizo dogo. Minus 30 Januari siyo habari, lakini ndani kuna joto, jua linawaka karibu majira yote ya baridi tofauti na mvua za Vancouver, na gari unalichomeka kwenye umeme usiku injini isigande.

Shida ni kama hilo gari huna. Basi za mji zipo ila za kusubiri, na kusubiri kwenye minus 30 na upepo wa nyika dakika chache tu ngozi inaganda, halafu maduka makubwa yamesambaa barabara ya 18, mengine kusini mengine kaskazini ng'ambo ya mto. Kutoka nje ya mji ndo usiseme, kampuni ya mabasi ya Greyhound ilifunga safari zake za magharibi mwa Kanada Oktoba 2018. Hospitali ipo, ya maana, hadi kitengo cha saratani, ila mtoto akihitaji bingwa au mtu apasuliwe moyo, ni Winnipeg. Kwa hiyo ile hela uliyookoa kwenye kodi inahamia kwenye mkopo wa gari, mafuta, na tairi za theluji. Familia yenye mishahara miwili gari moja inawatosha na faida inabaki, mseja anabeba peke yake.

Na mseja ndo anaboreka zaidi. Wenye watoto wana hoki kwenye ukumbi wa Keystone Centre, maonyesho ya kilimo kila mwaka mwishoni mwa Machi, ziwa la Clear Lake kiangazi siyo mbali, na shule ni dakika chache. Kijana wa miaka 25 Ijumaa usiku aende wapi? Hata ugali ni kazi, unga wa mahindi umejaa kwa ajili ya Walatino ila ule umechemshwa na chokaa kwanza, ukiusonga ladha siyo yenyewe.

Mwenye watoto wadogo na leseni mi ningemwambia aende. Mseja ajaribu Winnipeg kwanza, kodi hata huko ni afadhali kuliko Toronto. Ila huyo mwenye watoto apige hesabu mpaka mbele: chuo kikuu kipo Brandon, ualimu na unesi vinasomeshwa, lakini mtoto akitaka uhandisi au sheria itabidi aende Winnipeg, na hapo mzazi anaanza kulipa kodi mbili.