Herufi moja inanitoa roho

Jamani, hii "a" ya Kiingereza msiichezee. Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Bagamoyo. Wiki iliyopita mgeni aliuliza kama tuna nafasi, nikamwandikia "we have a few rooms", yaani vyumba kadhaa vipo, karibu. Mwenzangu akaupitia ujumbe kabla haujatumwa, akaifuta ile "a". "Kaherufi kamoja tu dada, kana kazi gani?" Ukaenda "we have few rooms". Mgeni akaelewa vyumba ni vichache mno, karibu hakuna, akalala kwingine. Na sisi vitanda vinne vimetandikwa shuka nyeupe, vyandarua vimefungwa, hakuna wa kulala!

Naelewa kosa hili linakotoka. Kiswahili hakina hiyo "a". Tunasema "vyumba vichache", halafu sauti au neno "tu" linamalizia. Kiingereza uzito wote kimeuweka pale. "Little" na "a little" ni hivyohivyo: kibao chetu cha mlangoni kinawaambia wageni tunaongea "little English", yaani karibu hatujui kitu, wakati tulitaka kusema tunajua kidogo, tutaelewana. Tangu Ramadhani naomba kirekebishwe.

Kinachoniuma zaidi ni kuambiwa najifanya msomi. Sijifanyi. Mtu akimwita mwanao "kitoto" badala ya "mtoto", mbona unaisikia tofauti papo hapo na unakasirika?