Tasnifu ya teknolojia ya elimu isianze na kishikwambi

Maandiko mengi ya utafiti wa uzamili katika sayansi na teknolojia ya elimu yana kichwa cha aina moja: athari za kifaa fulani katika ufaulu wa somo fulani. Kifaa kimeshachaguliwa, na bado hatujaambiwa ni nini hasa kinachowashinda wanafunzi. Naona hilo ndilo kosa linalogharimu kuliko yote.

Muda wenyewe hautoshi kubahatisha. Katika Chuo Kikuu cha Twente, mjini Enschede, Uholanzi, shahada hii ni ya mwaka mmoja, krediti 60. Kwa hesabu ya huko krediti moja ni saa 28 za kazi, kwa hiyo mwaka ni saa 1,680, masomo na tasnifu humo humo. Ukibadilisha mada baada ya wiki sita za saa 40, umeshapoteza saa 240.

Chukua ujumlishaji wa sehemu. Mtoto anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Hakukosea kwa uzembe: amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kama alivyozoea kwenye namba nzima. Ila 2/5 ni ndogo kuliko 1/2 aliyoanza nayo, yaani ameongeza na jibu likapungua! Hapo ndipo pa kubuni somo. Video inayokariri kanuni haigusi kosa hilo. Vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa, kimoja kimekunjwa kikawa sehemu mbili sawa na kingine sehemu tatu sawa, kisha vyote vikagawanywa katika sita, vinaligusa. Baada ya hapo ndipo uulize skrini itaongeza nini ambacho karatasi haiwezi: labda kumjibu kila mtoto papo hapo, au kuhifadhi kila jaribio lake ili mwalimu aone alipoteleza.

Kulinganisha darasa lenye vishikwambi na lisilo navyo hakukupi jibu. Mtafiti wa elimu Richard Clark alilisema hili mwaka 1983: kinachofundisha ni mbinu, si chombo. Mtafiti mwenzake Robert Kozma alimpinga mwaka 1991, na mjadala huo usomwe mapema. Kwa vitendo, darasa la vishikwambi huwa limepata pia mifano mipya, dakika za ziada, pengine na mwalimu mwenye ari zaidi. Wape wote kifaa kilekile. Nusu waambiwe "umekosea" tu, nusu waelezwe kosa lilipo. Wagawe kwa kura ndani ya kila darasa; darasa A likipewa toleo moja na darasa B la pili, hutaweza kutenganisha toleo na mwalimu.

Pima kabla, pima baada, kisha rudi baada ya wiki tatu hivi. Hojaji ya "nimefurahia somo" hupima furaha, na wengi huishia hapo kwa sababu ni rahisi kukusanya.

Vibali navyo vianze pamoja na andiko, visisubiri zana zikamilike: kamati ya maadili ya chuo, ridhaa ya wazazi, na kwa wanaokusanya data nchini kwao, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia: COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya. Kalenda ya shule iwe mezani siku hiyohiyo. Kibali kikitoka wiki ya mitihani, hakuna mwalimu mkuu atakayekupa darasa, na kipimo chako cha wiki ya tatu kitaangukia likizo.